Ile si kadi ya dukani: Stanley Whitney na rangi zinazoitikiana

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Tanga. Nachora wanyama na mandhari kwa rangi za kopo, nauza kwa watalii wanapopatikana. Hivi karibuni nimeona kwenye simu picha za Mmarekani mmoja, Stanley Whitney. Ni miraba ya rangi imepangwa safu kwa safu, basi. Wanasema ni mchoraji mkubwa. Nikajaribu na mimi kwenye hadibodi, ikatoka kama ile kadi ya kuchagulia rangi za ukuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nieleze: huyu mzee alifikaje kwenye miraba, kwa nini alichelewa kujulikana, na anachaguaje rangi zake?*

Marahaba. Hiyo kadi ya dukani umeitaja kwa aibu, lakini mimi nimeipenda. Ningetafuta mfano wiki nzima nisipate mzuri kuliko huo.

Ukienda tena dukani, itazame vizuri. Kila kipande cha rangi kimezungushiwa mpaka mweupe. Mpaka huo una kazi yake: unazuia rangi zisigusane, kwa sababu rangi zikigusana zinaanza kudanganyana. Mteja anataka kujua sebule yake itakuwaje akipaka rangi ya maziwa. Hataki rangi ya maziwa iliyotiwa ubaridi na bluu ya jirani. Kadi imetengenezwa ili kila rangi itoe ushahidi wake peke yake, kama mashahidi wanaosubiri nje ya mahakama wasisikilizane. Whitney ameuondoa mpaka ule, akawaingiza mashahidi wote chumba kimoja. Unachokiona kwenye picha zake ni ule mzozo unaofuata.

Nitaanza na namna anavyofanya kazi, kisha nirudi nyuma kwenye historia, maana ukianza na historia ya mchoraji kabla ya kujua mkono wake unafanya nini unabaki na orodha ya vyuo na miaka.

Anafanyia kazi turubai la mraba. Mengine ni madogo, kama sentimita 30 kila upande. Makubwa yanakaribia mita 2 na nusu. Rangi ni ya mafuta, turubai ni la kitani. Hana ramani ya awali inayosema hapa nyekundu, pale kijani. Anaanza juu, pembe ya kushoto, anaweka kipande kimoja cha rangi. Kile kipande kinadai kingine pembeni yake, nacho kinadai kingine, mpaka safu inafika upande wa pili. Anapitisha mstari mnene wa mlalo, anaanza safu ya pili, na hivyo hivyo anashuka mpaka chini. Safu huwa tatu au nne, na mara nyingi ile ya mwisho ni fupi kuliko za juu yake, kama rafu ambayo nusu yake imezama sakafuni.

Yeye mwenyewe huueleza utaratibu huu kwa lugha ya muziki wa watu weusi wa Marekani: mmoja anaita, wengine wanaitika. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa hilo. Umeona ngomani manju akitupa mstari, waitikiaji wakiupokea. Manju hodari hajui kwa hakika mstari wake wa tatu atautia uzito gani mpaka asikie wa pili umepokewaje. Wakiupokea kwa uvivu, anawachokoza. Wakipanda sana, anawashusha. Kwa hiyo ukiniuliza Whitney anachaguaje rangi, nitakuambia kwamba anachagua moja tu, ya kwanza. Zilizobaki zinamjibu ile iliyotangulia, na yeye kazi yake ni kusikiliza kwa macho.

Kwa miaka mingi studioni amekuwa akipiga albamu ile ile ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, *Bitches Brew* ya mwaka 1970. (Mimi nikirudia wimbo mara tatu jirani ananigongea ukuta.) Nadhani faida yake ni kwamba muziki ukishauzoea hivyo hauchukui tena akili yako, unabaki kama mwendo wa miguu.

Sasa usidhani kwamba kuitikia ni mteremko. Kipande cha safu ya tatu kinaweza kukiua cha safu ya kwanza ambacho ulishakipenda. Ukikaribia kingo za vipande vyake utaona hapa na pale rangi nyingine ikichungulia kutoka chini, ishara kwamba jibu la kwanza lilikataliwa. Kwenye simu hilo halionekani. Simu inaisawazisha rangi yake mpaka inafanana na karatasi iliyokatwa kwa mkasi, na ndiyo sababu nyingine iliyokupeleka kwenye kadi: uliiga simu, hukuiga picha. Kwenye turubai lenyewe hakuna rula wala utepe wa kubandika. Mistari inapinda kidogo, miraba mingine imenenepa, mingine imebanwa na jirani. Kipande kimoja kina rangi nzito iliyofunika kabisa. Cha pili yake ni chepesi, brashi imeacha njia zake, na pengine tone limeteremka hadi kwenye mstari wa chini. Tofauti hiyo ya uzito nayo ni sehemu ya mazungumzo, maana nyekundu nyepesi inayopitisha mwanga na nyekundu nzito iliyokaa juu kama plasta ni watu wawili.

Haya, alifikaje hapo? Kwa njia ndefu mno.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1946. Alisoma sanaa Kansas City akamaliza 1968, na majira ya joto ya mwaka huo akahudhuria programu ya uchoraji katika mji wa Saratoga Springs, jimbo la New York, ambako alikutana na Philip Guston. Guston wakati huo alikuwa jina kubwa katika uchoraji dhahania wa Marekani, yaani ule usioonyesha watu wala vitu, na alimtia moyo kijana huyu, akamsaidia kuingia New York. Kuna jambo hapa ambalo hunichekesha kila ninapolikumbuka. Guston mwenyewe wakati ule ule alikuwa anaukimbia uchoraji dhahania kwa siri, anarudi kwenye vichwa, viatu na saa za ukutani, na alipozionyesha picha hizo mwaka 1970 rafiki zake wengi walimgeuka. Mwalimu anatoka kwa mlango wa nyuma, mwanafunzi anaingia kwa mlango wa mbele. Whitney akaendelea na masomo Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza shahada ya uzamili 1972.

New York aliyoikuta ilikuwa na mizozo miwili, na yote miwili ilimpita pembeni. Wa kwanza ulikuwa wa wachoraji wenyewe. Waliokuwa juu ni wale wa nyuga pana za rangi, kina Kenneth Noland, na nyuma yao walikuwepo vijana waliosema uchoraji umeshakufa, sasa ni zamu ya mawazo na vitu vya chuma. Whitney aliipenda rangi ya kina Noland lakini alitaka mkono uonekane. Alikuwa amelelewa na picha za wachoraji wa zamani wa Ulaya, kina Velázquez, Goya, Cézanne na Matisse. Mzozo wa pili ulikuwa wa nje. Ilikuwa miaka ya mapambano ya haki za watu weusi, na mchoraji mweusi alitarajiwa kuchora mapambano. Ukichora nyekundu pembeni ya bluu, ndugu zako wanakuuliza unamkimbia nani, na wenye majumba ya sanaa wanakuuliza mbona huchori maisha yako. Yaani wote wawili, kwa sababu tofauti, wanakuomba picha ile ile ambayo huna.

Akapata kazi ya kufundisha katika shule ya sanaa ya Tyler, Philadelphia, na akaifanya kwa zaidi ya miaka 30. Nakutajia hilo kwa sababu wewe unakula kwa watalii na pengine unawaza mtu anaishije miongo mitatu akichora visivyonunuliwa. Aliishi kwa mshahara wa ualimu.

Lakini kero yake kubwa haikuwa fedha wala siasa. Ilikuwa hewa, na hapa nakuomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako.

Miaka ya 1970 na 1980 alichora maumbo ya rangi yaliyotawanyika, mengine kama mawe ya mviringo, mengine kama vinyuzi vilivyosokotwa, na kati yao akaacha nafasi tupu. Alichora sana pia kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, akijifunza kwa michoro ya Van Gogh, ile ambayo shamba zima limejengwa kwa nukta na mistari mifupi na bado unaweza kutembea ndani yake. Alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka rangi. Aliamini kwamba rangi inahitaji nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo lazima iwe nje ya rangi: pengo, usuli, uwazi. Aliogopa kwamba akizisogeza rangi zikagusana picha itaziba, itakuwa ukuta. Hebu fikiri. Huyu ndiye mtu ambaye leo tunamjua kwa rangi zilizobanana kama abiria wa daladala, na kwa miaka 20 hivi aliogopa jambo hilo hilo.

Kilichomfungua ni mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alihamia Roma pamoja na mkewe, Marina Adams, ambaye naye ni mchoraji, wakaishi huko karibu miaka mitano. Roma ikampa majengo: Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, na matao yake yaliyopangwa juu ya matao mengine, kuta za majumba makubwa zenye madirisha safu kwa safu, mwanga wa jioni ukigeuza jiwe kuwa rangi ya embe. Wakati akiishi huko akasafiri kwenda Misri. Mbele ya mapiramidi akaona kitu kizito kupita vyote alivyowahi kuona, jiwe juu ya jiwe bila hata upenyo, na bado halikumziba pumzi. Akarudi akiwa amepata alichoita kipande cha mwisho cha fumbo lake: msongamano. Unaweza kuvisogeza vitu mpaka viguse, na nafasi isipotee.

Tena Roma kuna jumba la makumbusho la Villa Giulia, lenye vitu vya Waetruski, watu waliokaa sehemu zile kabla ya Warumi kutawala. Humo mna rafu zilizojaa vyungu vya kuhifadhia majivu ya wafu. Chungu pembeni ya chungu, safu juu ya safu, hakuna kinachofanana na mwenzake, na kila kimoja kimeshika nafasi yake kwa utulivu. Whitney amezitaja rafu zile mara nyingi. Mimi tangu nijue hilo siwezi tena kuitazama mistari yake ya mlalo nikaona mistari. Naona mbao za rafu, na juu yake rangi zimekaa kama vyungu. Hapo pia utaelewa kwa nini siupendi sana msemo wa wahakiki kwamba anachora "gridi", yaani miraba ya mistari iliyokatizana. Gridi huchorwa kwanza, ikajazwa baadaye. Rafu hupangwa kitu kimoja baada ya kingine, na kikubwa kikifika, vidogo vinasogea.

Kwa hiyo jibu alilolipata ni kwamba nafasi imo ndani ya rangi yenyewe. Sentensi hiyo ikisemwa hivyo inasikika kama kitu cha kuandikwa kwenye ukuta wa mkahawa, basi nikuonyeshe inavyofanya kazi.

Miaka mingi kabla, huko Paris, mkemia Michel-Eugène Chevreul alisimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei, hasa zikifumwa karibu na bluu na urujuani. Akaichunguza dawa ya rangi nyeusi, akaikuta haina tatizo. Tatizo lilikuwa jirani. Jicho likiona bluu linaisukuma rangi iliyo pembeni kuelekea upande ulio kinyume cha bluu, kwa hiyo nyeusi inapata wekundu-wekundu hafifu wa chungwa, inaonekana imechakaa. Mwaka 1839 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo, na tangu hapo wachoraji hawajapumzika. Yale, alikosoma Whitney, ndiko Josef Albers aliyefundisha rangi kwa mazoezi ya aina hii alikuwa ameacha kivuli kirefu, ingawa Whitney alifika yeye akiwa ameshastaafu.

Sasa rudi kwenye picha. Kila kipande cha Whitney kina majirani wanne au zaidi: wa kushoto, wa kulia, mstari wa juu, mstari wa chini. Chukua mstari mmoja wa bluu unaopita chini ya vipande vitano. Ukipita chini ya njano, bluu ile inaonekana imeiva, nzito, inazama. Ukifika chini ya nyeusi, bluu ile ile inang'aa na kusogea mbele. Hakuna aliyebadilisha kopo. Jicho lako ndilo lililoibadilisha njiani. Nyekundu karibu na kijani inawaka. Nyekundu ile ile karibu na chungwa inapoa, karibu iwe waridi. Pinki pembeni ya damu ya mzee inakaribia kuwa nyeupe, na ukiihamishia pembeni ya nyeupe inaona haya. Kwa hiyo kila kipande kinasogea mbele kwa jirani mmoja na kinarudi nyuma kwa mwingine, kwa wakati mmoja. Huko kusogea na kurudi ndiko nafasi. Pengo tupu alilokuwa akiliacha zamani halikuhitajika tena.

Ndiyo maana pia mtu huwezi kuitazama picha yake ukatulia sehemu moja. Unaingia kwa njano, njano inakukabidhi kwa kijani, kijani kinakutupa mstari wa chini. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 amebaki na mpango huo huo, na watu humuuliza hachoki? Swali hilo sioni kama lina maana kubwa. Hatumuulizi mpigaji wa udi kwa nini bado ana nyuzi zile zile.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani mtu wa Kiswahili anaweza kukiona haraka kuliko wengine. Vivumishi vyetu halisi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine nyingi tumezichukua kwa wenyewe. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, manjano ni kile kiungo cha mchuzini, zambarau ni lile tunda linalopaka ulimi, chungwa ni chungwa. Hata nyekundu tukitaka kuikoza tunamtafutia mwenyewe, tunasema damu ya mzee. Kwa sisi rangi haizururi, ina kwao. Nadhani ndiyo sababu mteja wako wa nyumbani akiona picha dhahania huuliza hii ni nini, na haulizi kwa ujinga: lugha yake inamwambia kwamba bluu lazima iwe ya kitu. Whitney anaipokonya rangi mwenyewe, anaipa majirani badala yake. Moja ya picha zake maarufu, ya mwaka 2013, inaitwa *Dance the Orange*, yaani licheze chungwa, maneno aliyoyatoa kwa mshairi Rilke. Mshairi anawaambia wasichana wasilieleze tunda, wacheze ladha yake. Ukiitazama picha hiyo huoni tunda lolote.

Umeuliza kwa nini alichelewa kujulikana. Hapa nitakuwa mfupi. Onyesho lake la kwanza la peke yake katika jumba la makumbusho la New York lilikuwa 2015, Studio Museum ya Harlem, akikaribia umri wa miaka 70. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: documenta 14, lile onyesho kubwa la sanaa la kimataifa, mwaka 2017, madirisha ya vioo vya rangi kwa kituo cha Matisse katika jumba la makumbusho la Baltimore, onyesho la picha zake za Italia huko Venice 2022, na 2024 jumba la makumbusho la Buffalo likakusanya kazi zake za miaka 50 katika onyesho lililosafiri baadaye hadi Minneapolis na Boston. Kila mtu anasema ulimwengu ulimpuuza kwa sababu ni mweusi asiyechora watu weusi, na ni kweli, tena si yeye peke yake katika kizazi chake. Lakini si kweli yote. Whitney mwenyewe hakuwa na picha yake mpaka alipokaribia miaka 50. Angeng'aa akiwa na miaka 35, tungemjua kwa picha za mawe yanayoelea, na pengine wenye soko wangemlipa asiende Misri. Naomba hili ulisikie kutoka kwa mtu anayeamini ubaguzi ulikuwepo.

Tena si kwamba siasa haimo. Ana michoro kwenye karatasi iliyoandikwa maneno yanayokataa jela, ya mwaka 2020, miraba ile ile, maandishi yamepita ndani yake kama ya mtu anayeandika ukutani usiku. Picha nyingine amezipa majina kama *James Brown Sacrifice to Apollo* na *My Tina Turner*. Alichokikataa ni kuamriwa.

Nije kwenye hadibodi yako.

Jambo la kwanza ni rangi yenyewe. Rangi ya kopo, ile ya milango, imetengenezwa ifunike kila kitu na ilale sawasawa bila alama ya brashi. Kwa twiga na machweo inafaa sana. Kwa kazi hii inakunyima nusu ya silaha, kwa sababu vipande vyote vinatoka na uzito mmoja na mng'ao mmoja, na hapo tayari umesharudi kwenye kadi. Huna haja ya kununua rangi ya mafuta ya bei. Chukua vipande vitatu au vinne uvipunguze kwa tapentaini mpaka rangi ya chini ionekane (usizidishe, itachubuka baada ya miezi), na vingine uviache vizito, upake mara mbili. Acha brashi kavu ikwaruze mahali. Usitumie utepe.

La pili ni mwanga. Nina hakika kabisa, bila kuiona kazi yako, kwamba ulichagua rangi zinazovutia, zote za kung'aa. Ipige picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama ubao mzima umekuwa kijivu kimoja, umepata ugonjwa. Rangi zako zinatofautiana kwa jina tu, kwa mwanga zinalingana, kwa hiyo hakuna inayosogea mbele wala kurudi nyuma. Fanya hivyo na picha yoyote ya Whitney uone: kuna kiza cha kweli mle, kuna nyeupe-nyeupe, na kati yao ngazi nyingi. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa mwezi akihangaika na picha moja ya njano, chungwa na kijani cha mpapai. Akaweka kipande kimoja cha rangi ya ugoro katikati, kibaya ukikitazama peke yake, na picha ikaamka. Alikasirika sana kwamba kilikuwa ni kitu kidogo hivyo.

La tatu ni zoezi, nalo lifanye kabla ya kugusa hadibodi tena. Paka karatasi za rangi, kama 20, kisha ukate vipande. Chukua nyekundu moja, ikate mara tatu. Panga safu tatu, kila safu iwe na nyekundu ile, na ubadilishe majirani mpaka mtu wa nyumbani, asiyejua unafanya nini, aapie kwamba ni nyekundu tatu tofauti. Ikikushinda leo, rudi kesho. Ukiweza hilo, weka kipande cha kwanza pembe ya juu kushoto, na kiwe rangi ambayo huipendi. Ukianza na unayoipenda utaitetea mpaka chini, na safu zote zitakuwa watumishi wake. Shuka safu moja moja. Usirudi juu mpaka umalize, ila kama kuna kipande kinapiga kelele kuliko wenzake. Hicho kipake juu yake, acha kingo za rangi ya zamani zichungulie.

Wala usiache twiga. Wanakulisha, na anga la machweo unalolipaka kila wiki lina mistari ya mlalo tayari.

Ukimaliza nitumie picha mbili za ubao huo, moja ya rangi na moja nyeusi-nyeupe. Ya pili ndiyo nitakayoifungua kwanza.